Mlima Umsemee Msafiri

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara kuu iendayo Tunduma, akiisha kuipita Iringa na Mafinga na kuiacha nyuma misonobari ya Sao Hill, hufika Makambako, mji uliokuzwa na njia panda. Hapo barabara ya Njombe na Songea huagana na ile ya Mbeya, na hapo reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975 na kunyooshwa kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, hukutana na lami baada ya kupanda kutoka Mlimba kwa madaraja na mahandaki, kipande ambacho hapakuwa na kingine cha kukishinda kwa ugumu katika kazi yote ile. Lyamkena ni kata mojawapo ya mji huo. Ni nchi ya mahindi na viazi, ya upepo usio na haya na ya baridi ambayo mwezi wa Juni humkunyata hata mzawa. Lakini sifa yake inayonihusu leo ni moja tu, nayo ni kimo chake, kwa kuwa Makambako imeketi zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Njombe, iliyo kilomita 60 hivi kusini yake, imeizidi.

Mtu aliyefunga redio ya mawasiliano garini mwake, ile ambayo madereva na askari huiita redio koli na ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la simu ya upepo, huenda akadhani kwamba hapa amefika peponi, maana ameshasikia kuwa redio hupenda mahali pa juu. Dhana hiyo ina nusu ya ukweli. Mawimbi ya megahezi 144 hadi 146, ambao ndio uwanja waliogawiwa wenye redio za ridhaa katika Afrika na Ulaya, hayarudishwi na anga la juu kama yale ya masafa mafupi yaliyotuletea matangazo ya ng'ambo. Yenyewe huenda mbele takriban kama mwangaza, na pale macho yanapozuiwa na mgongo wa nchi, nayo huzuiwa karibu na hapo. Kanuni ya mafundi ni nyepesi: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, na jibu ni kilomita za upeo wake. Antena iliyo juu ya paa la gari dogo, mita 2 kutoka chini, ina upeo wa kilomita zisizotimia 6; magari mawili katika uwanda, kila moja na 6 zake, yatasikilizana kwa kilomita 11 au 12, kisha kila mmoja na njia yake. Na kimo kinachohesabiwa ni kile cha kuizidi ardhi ya pembeni, wala si cha kuizidi bahari. Kwa hiyo gari lililoegeshwa bondeni halifaidi hata mita moja katika zile 1,600.

Ndipo ilipotungwa hila ya ripita. Huo ni mtambo uwekwao kileleni, wenye masikio ya kupokea katika masafa fulani na kinywa cha kurusha katika masafa mengine, ambao kila uisikiapo sauti dhaifu ya gari huirudia papo hapo, kwa nguvu, kutoka juu, ili wote walio katika upeo wa kilele kile waisikie. Lau kilele hicho kimeizidi nchi iliyokizunguka kwa mita 300, upeo wake ni kilomita 71, na ukiongeza zile za gari, msemaji aliye kilomita 77 upande mmoja aweza kuzungumza na mwenzake aliye mbali kiasi hicho upande wa pili, ingawa wawili hao wasingeonana hata wangesimama juu ya mapaa ya magari yao. Kwa vipimo vya kwetu maana yake ni kwamba kilima kimoja kilichochaguliwa kwa busara baina ya Makambako na Njombe kingelishika gari safari nzima, ila mle ambamo barabara hujificha nyuma ya mteremko. Wamarekani ndio walioieneza hila hii miongoni mwa watu wa ridhaa, katika miaka ya mwisho ya 1960 na ile iliyofuata, walipozipata kwa bei ya kutupa redio kuukuu za teksi na za polisi, wakazichokonoa na kuzipandisha milimani.

Yafaa niseme hawa watu wa ridhaa ni nani, kwa kuwa wengi hapa nchini hawajapata kukutana nao. Ni watu waliopewa leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya elimu, majaribio na mazungumzo, wasioruhusiwa kutoza malipo, kutangaza biashara wala kupiga muziki. Kila mmoja ana ishara yake ya wito. Zama za utawala wa Waingereza, ishara za Tanganyika zilianza na VQ3 na za Zanzibar na VQ1. Leo za Tanzania huanza na 5H, na mwenye kuisikia herufi hiyo na tarakimu yake, awe Japani au Brazili, hujua papo hapo sauti inatoka wapi. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, na hakuna mlango wa nyuma: redio ya kurusha isiyo na kibali ni kosa, hata ikiwa imenunuliwa dukani kwa risiti na mwenyewe hana nia ila njema.

Sasa tuutazame mtambo kwa karibu, kwa kuwa ajabu yake iko katika jambo ambalo mtumiaji halioni. Kinywa cha ripita hurusha wati 25 au 50, ilhali masikio yake, yaliyo katika kasha lile lile na aghalabu yakitumia antena ile ile, hutega sauti zinazofika zikiwa na nguvu isiyozidi sehemu ndogo ya milioni moja ya volti. Tofauti baina ya masafa ya kuingilia na ya kutokea ni megahezi 0.6 tu. Ili kinywa kisiyatie uziwi masikio, mafundi huweka kati yao mitungi ya shaba au ya aluminiamu, minne au sita, iliyopimwa urefu wake wa ndani kwa uangalifu mkubwa, ambayo kila mmoja hupitisha masafa yake na kuyakataa ya jirani. Mitungi hiyo ndiyo sehemu ya ripita inayogharimu fedha na subira kuliko nyingine. Redio zenyewe ni rahisi kupatikana, lakini mtu aliyezoea kuona kila kitu cha umeme kikipungua ukubwa mwaka hata mwaka hushangaa kukuta kibandani vyombo vinavyokaribia kimo cha mtoto.

Kwa mwenye gari yote hayo hugeuka tarakimu tatu. Chukulia ripita inayosikika katika 145.650. Mtumiaji huandika masafa hayo katika redio yake, kisha huiambia redio ishuke kwa 0.6 kila anapobonyeza kitufe cha kusemea, ili iruke katika 145.050 ambako masikio ya mlimani yamefunguliwa. Ya tatu ni toni: mlio mwembamba wa hezi 88.5, mathalani, unaofuatana na sauti ya msemaji muda wote, chini mno ya kiwango ambacho spika ya redio hukipitisha, hivyo hausikiki kwa mtu lakini ripita huutambua na bila huo haifungui mlango. Sababu yake ni kuzuia takataka za umeme na sauti za ripita nyingine zisiuamshe mtambo bure. Hapo ndipo wageni wengi hukwama. Anafika mtu, anasikia kila neno la wenyeji kwa uwazi kabisa, anajibu, anaita, anaita tena, wala hapana anayemjali. Huondoka akiwalaumu watu wale kwa kiburi, kumbe hakuna hata mmoja aliyemsikia, kwa kuwa hakuiweka toni.

Upo pia ufunguo ambao vijana huudharau, ule wa kugeuza masafa. Ukiubonyeza unasikiliza katika masafa ya kuingilia, na ikiwa unamsikia mwenzako moja kwa moja bila msaada wa mlima, basi ninyi wawili hamna haja ya ripita, nendeni 145.500, mahali pa miadi panapojulikana katika nchi zote za upande wetu wa dunia, mkubaliane masafa yenu na muwaachie wengine njia.

Kufunga redio garini ni kazi ya mchana mmoja kwa fundi mwenye adabu, na ya miaka ya majuto kwa asiyekuwa nayo. Redio ya wati 50 hula takriban ampea 10 au zaidi wakati wa kusema, na tundu la kuwashia sigara, ambalo watu hupenda kulitumia kwa kila jambo, halikuumbwa kwa mzigo huo. Waya zitoke moja kwa moja kwenye betri, nene, kila mmoja na fyuzi yake karibu na betri, zipite penye mpira wa ukuta wa injini zisikwanguliwe na bati. Makambako ni mji wa malori, na hapa iko hatari yake mahususi: gari dogo lina volti 12, lakini lori kubwa lina betri mbili zilizoungwa kwa volti 24, na redio iliyotengenezwa kwa volti 13.8 ikiungwa hapo hutoa moshi kabla haijatoa sauti. Wako wajanja wanaoiunga kwenye betri moja kati ya zile mbili. Redio itafanya kazi, naam, lakini betri moja itanyonywa na nyingine itajazwa kupita kiasi, na baada ya miezi michache mwenye lori atanunua zote mbili. Dawa ni kifaa cha kupunguza volti, chenye uwezo wa ampea za kutosha.

Antena nayo ina mahali pake. Fimbo ya robo wimbi kwa masafa haya ina urefu wa nusu mita tu, na nusu yake ya pili, isiyoonekana, ni bati la paa lenyewe. Kwa hiyo iliyoketishwa katikati ya paa kwa sumaku huizidi ile ndefu na ya fahari iliyofungwa ubavuni mwa bampa. Watu hukimbilia kuongeza wati, ilhali kutoka wati 5 hadi 50, mara kumi nzima, msikilizaji hupata nyongeza ya desibeli 10, ambazo kwake ni hatua moja na nusu au mbili tu za sindano. Akisogeza gari mita mia moja kutoka shimoni mpaka penye mwinuko, yamkini atapata zaidi ya hizo bila kulipa kitu.

Katika adabu za ripita ndipo ninapokaa kwa furaha zaidi, kwa sababu hapa adabu haikutungwa na wazee wa mji ila imezaliwa na mtambo wenyewe. Njia ni moja, na mmoja tu ndiye awezaye kusema. Wawili wakibonyeza pamoja, mwenye nguvu zaidi humfunika mwenziwe kabisa, na wakilingana, wote huwa mlio wa kuparuza usio na maana. Kwa hiyo kila msemaji akimaliza, anayefuata hungoja kidogo, sekunde moja au mbili, asikie mlio mfupi wa mtambo na pengo lile ambalo aliye na jambo la haraka aweza kupenyeza ishara yake. Saa ya ndani huhesabu, na msemaji akizidi muda wake, aghalabu dakika tatu, mtambo humfungia kinywa akiwa anaendelea kusema peke yake. Nimependa kanuni hiyo kuliko nyingi zilizowekwa kwa mikutano ya hadhara. Hapana haja ya kuita dunia nzima kama wafanyavyo watu wa masafa mafupi. Unataja ishara yako, unasema kuwa unasikiliza, basi. Mwenye kubonyeza na kuachia bila kujitaja, ili tu asikie kama mlima umemjibu, ametumia mali ya watu bila salamu. Na anayeaga husema sabini na tatu, tarakimu iliyorithiwa kutoka kwa wapiga simu za waya wa karne ya 19, yenye maana ya salamu nyingi.

Nimeiita mali ya watu, na kwa hakika ripita yafanana na mtungi wa sabili uwekwao kando ya njia: aliyeugharimia hayupo, anayeujaza hafahamiki kwa wengi, na mpita njia hana deni ila kutouchafua na kumwachia anayefuata. Duniani kote vyombo hivi aghalabu husimamishwa na vyama vidogo vya watu kumi au ishirini, waliochangishana, wakamwomba mwenye mnara nafasi ya futi chache, na wakapokezana zamu ya kupanda na zana mabegani.

Ripita za ridhaa ni adimu mno katika Afrika Mashariki, na dereva atokaye Makambako kwenda Songea asiitegemee hata moja njiani. Walakini iko moja ambayo humpitia juu ya kichwa, wala haikuhitaji kilima. Tangu Septemba 2020, Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachoizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 400 hivi, kimekuwa na ripita ya watu wa ridhaa, inayosikiliza katika 145.990 pamoja na toni ya hezi 67, na kurudia katika 437.800. Redio ya gari yenye masafa ya aina mbili, ile ile ambayo mtu angeitumia kwa mlima, yatosha. Wakati kinapopita juu ya Nyanda za Juu Kusini upeo wake ni zaidi ya kilomita 2,000 kila upande, hata mtu aliyeegesha gari Lyamkena aweza kuzungumza na mwenzake wa Johannesburg, Antananarivo au Addis Ababa, mradi wote wawili wasikawie, kwa kuwa kituo hicho huenda kilomita 27,000 na ushei kwa saa, na tangu kuchomoza hadi kuzama ni kama dakika kumi. Mwendo huo huyapotosha masafa: kikija, sauti husikika juu kidogo, katika 437.810, na kikienda zake hushuka mpaka 437.790, hivyo mkono mmoja uko kwenye kitufe na mwingine kwenye kitasa. Ripita hiyo huzimwa pale chombo kinapotia nanga kituoni au wanaanga wanapotoka nje, na hapo hapana wa kulalamikiwa.

Iko pia satelaiti ndogo ya Saudia, SO-50, iliyorushwa Desemba 2002 na iliyoendelea kufanya kazi miaka mingi kupita umri wa wenzake. Hii huamshwa kwa toni ya hezi 74.4, nayo hukesha dakika kumi tu kabla haijarudi kulala. Na Qatar ilipoirusha Es'hail-2 mnamo Novemba 2018, iliweka ndani yake mtambo wa watu wa ridhaa, wa kwanza duniani kukaa mahali pamoja angani muda wote. Kutoka Lyamkena umesimama juu, karibu na utosi, ukielekea kaskazini magharibi. Lakini huo wataka ungo wa satelaiti na masafa mengine kabisa, na redio ya gari haina lake pale.

Nchi za Ghuba zilitutangulia katika jambo hili, na mfano ulio karibu na nyoyo za Waswahili ni Oman. Chama chao cha kifalme cha redio za ridhaa kiliundwa 1972, na Sultani Qaboos mwenyewe alikuwa na ishara yake, A41AA. Ripita zao zimekaa katika vilele vya majabali, ambako majabali ni mengi na watu ni wachache, hali isiyo mbali sana na ya barabara ya Songea. Sidhani kwamba hapa tunahitaji sultani. Kilichokuwa na faida kule ni kwamba serikali na mtu wa ridhaa walikwisha kuaminiana, mmoja akajua kwamba mwenziwe hana siri ya kuficha, na mwingine akajua kuwa kibali chake hakitakaa miezi mezani pa karani.

Huulizwa, na swali ni la haki, kazi ya vyombo hivi ni ipi leo ambapo kila abiria wa Makambako ana simu mbili. Nijibu kwa siku moja: Mei 12, 2024 nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zilipopata hitilafu, intaneti ilidhoofika tangu Tanzania hadi nchi jirani, na watu waliozoea kuulizana habari kwa ujumbe wa mtandao walikaa wakitazama duara linalozunguka. Ripita ya mlimani haizijui nyaya hizo. Ina betri, ina paneli ya jua, na masikio yake yamefunguliwa kwa yeyote mwenye leseni. Sitii chumvi: haitachukua picha, haitatuma fedha, na mazungumzo yake husikiwa na kila mtu, ndiyo maana siri hazitiwi humo. Lakini lori likikwama usiku penye ukungu kati ya miji miwili, sauti moja husikiwa na watu kumi kwa mara moja, na mmojawapo huwa karibu.

Kwa hiyo lau watu wachache wa Makambako na Njombe wangeazimia kuisimamisha ya kwao, mambo ya kuanza nayo si ya kifalsafa. Wapate kwanza leseni zao wenyewe, kisha kibali cha ripita na masafa yake. Wasichague kilima kirefu kuliko vyote bali kile ambacho gari lafika wakati wa masika, kwani mtambo hauharibiki kiangazi. Paneli za jua zihesabiwe kwa siku za Juni na Julai, ambapo ukungu hukaa asubuhi nzima na betri hungoja chakula chake hadi adhuhuri. Radi ya nyanda hizi ni kali. Nusu ya fedha ya mnara iende katika waya wa shaba na vyuma vya kuzika ardhini, hata ikibidi antena iwe ya bei ndogo. Na funguo za kibanda zikae kwa watu wawili wanaolala Makambako, wala zisikae kwa fundi aliye Dar es Salaam.